Safari ya meli peke yangu, kwa anayependa faragha: meli gani, njia gani?

BintiPangani aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 51, mzaliwa wa Pangani, na kwa miaka 17 sasa ninaishi na kufanya kazi Leicester, Uingereza. Kazi yangu ni ya watu tangu ninapovaa sare hadi ninapoivua, na nikifika nyumbani simu huanza kulia, kwa sababu kwetu mtu aliye Ulaya ndiye anayepigiwa kwanza, iwe habari ni ya harusi, ya ada ya shule au ya msiba. Sinung'uniki, kwani nami nililelewa hivyo hivyo. Ila mwaka huu nimeweka akiba ya safari moja, na ninataka iwe ya meli, ya siku 7 hadi 12, nikiwa peke yangu.

Naomba nieleweke vizuri, kwa maana kila ninayemwambia hunionea huruma. Sina ukiwa, wala sitafuti mwenzi. Ninachokitaka ni faragha: kukaa mahali penye watu wema wasionidai neno, nisome, nitazame maji, nilale. Nilipomweleza mama mdogo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Umegombana na nani, mwanangu?"

Ninachokihofia ni meza. Katika kila tangazo ninaloliona watu wamekaa wanane wanane, wameinua glasi, wanacheka kama wamezaliwa pamoja, nami sijui kama mtu anaweza kula peke yake siku saba bila kuonekana ana dosari. Hofu nyingine ni bei, kwa kuwa nikiandika abiria mmoja, jumla inabaki karibu ile ile ya watu wawili. Tena nasafiri na pasipoti ya Tanzania, maana nchi yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima nami sikutaka kuuacha wangu, kwa hiyo suala la viza halinikwepi. Mwisho, mimi ni mtu wa swala tano, na ningependa kusikia kwa aliyewahi kusafiri namna anavyopanga siku yake baharini.

Aliyefanya safari ya namna hii, iwe ilimfaa au ilimshinda, naomba anieleze.

MsomajiWaBaharini alijibu:

Bi BintiPangani, pole na kazi. Nitakueleza safari moja tu, kwa kuwa ndiyo niliyoifanya mara mbili na ningeifanya ya tatu kesho: kuvuka Atlantiki kutoka Southampton hadi New York kwa Queen Mary 2, usiku saba, bila kutia nanga popote njiani.

Hilo la mwisho ndilo jambo lenyewe. Watu wengi wanaopenda utulivu hukosea kwa kuchagua safari yenye bandari nyingi, wakidhani meli ikifunga gati watapata nafasi ya kuwa peke yao mjini, kumbe kila asubuhi ni foleni ya kushuka, foleni ya basi na foleni ya kurudi. Katika safari ya kuvuka bahari hakuna pa kwenda, kwa hiyo hakuna anayekuharakisha. Meli hiyo ilianza kazi mwaka 2004, ina urefu wa mita 345 na hubeba abiria wapatao 2,700, lakini ilijengwa kwa ajili ya bahari kuu na si kwa ajili ya kuzungukazunguka visiwani, hivyo ina vyumba vingi vya kukaa kimya. Maktaba yake iko sitaha ya 8 upande wa omo. Nilikuwa na kiti changu pale dirishani, kioo kimeganda chumvi kwa nje, na kila baada ya muda mfupi upeo wa bahari ulipanda hadi katikati ya dirisha kisha ukashuka ukapotea, huku chai ikiegemea ukingo mmoja wa kikombe na kurudi. Siku nne mwanamke mmoja alikaa kiti cha pili yangu. Tuliinamishiana vichwa asubuhi na jioni, na hadi leo sijui jina lake wala sauti yake.

Mwaka 2016 meli hiyo ilipofanyiwa matengenezo makubwa iliongezewa kabini 15 za mtu mmoja, zenye madirisha mapana, na mwenye kabini hiyo halipi ile nyongeza ya kitanda kitupu. Ni chache na huisha mapema sana, kwa hiyo anayezitaka hana budi kuweka nafasi miezi mingi kabla. Kuhusu meza, unapoweka nafasi unaweza kuomba meza ya mtu mmoja, na usipoipata kuna mkahawa wa kujihudumia ambako hakuna anayepanga mtu na mtu. Tahadhari moja ni mavazi: jioni mbili kati ya saba watu huvaa rasmi hasa, na wewe ukiwa na gauni moja jema na mtandio umemaliza.

Kuhusu swala, ukielekea magharibi saa hurudishwa nyuma saa moja katika usiku tano kati ya saba, hivyo una siku tano za saa 25. Kwa msomaji hiyo ni zawadi, ila ratiba ya swala iliyomo kwenye simu itakuchanganya usipoiambia mahali meli ilipo. Mimi nilikuwa natazama jua, kama walivyofanya manahodha wa majahazi. Na viza: bila viza ya Marekani hutapandishwa melini Southampton, hata kama nia yako ni kushuka New York na kupanda ndege ya kurudi siku hiyo hiyo. Anza na hilo kabla hujalipa chochote.

BahariaWaKisauni alijibu:

Dada yangu, nimekuwa mhudumu wa kabini kwa mikataba sita, ya miezi minane minane, katika meli kubwa za utalii, na sasa nimerudi Mombasa. Ningependa kukuondolea hofu ya kuonekana una dosari, kwa sababu nimeiona safari hii kutoka upande wa mwenye kubeba mashuka.

Abiria anayesafiri peke yake hatumshangai hata kidogo. Nilikuwa na kabini 18 kwa zamu, na karibu kila safari wawili au watatu walikuwa peke yao. Namkumbuka bibi mmoja ambaye katika siku kumi na nne tulisemezana labda maneno ishirini. Kila siku saa 3 asubuhi alitoka kwa nusu saa ili nisafishe, kisha akarudi na kuning'iniza kile kibao cha mlangoni cha kuomba asisumbuliwe. Sisi wahudumu tuna mtindo wa kukunja taulo ziwe wanyama, nami siku ya tatu nikamwachia tembo kitandani. Kesho yake nilikuta kikaratasi kimeandikwa kwamba mkonga ni mfupi mno. Nikamrefusha. Tukaendelea hivyo hadi mwisho wa safari, yeye akikosoa na mimi nikirekebisha, bila kuonana zaidi ya kupishana kwenye ujia.

Sasa mambo ya kazi. Usipange kabini iliyo chini ya mkahawa wa kujihudumia au chini ya bwawa, maana viti huanza kuburutwa kabla ya alfajiri, wala iliyo karibu na lifti, wala yenye mlango wa kuunganisha na kabini ya jirani, kwa kuwa mlango huo hupitisha kila neno. Katikati ya meli, sitaha za chini, ndipo meli inapotikisika kidogo. Kama fedha inakubana kati ya kabini isiyo na dirisha kwa siku kumi na yenye dirisha kwa siku saba, chukua ya siku saba. Mtu anayekwenda kwa ajili ya bahari akilala ndani ya kasha lisilo na mwanga hujikuta anaifuata bahari huko juu kwenye sitaha, na huko ndiko walikojazana watu wote.

Usidanganywe na udogo wa meli. Meli ya watu mia moja haina faragha, kwani siku ya pili kila mmoja anajua jina lako na anauliza mbona jana hukuja kula. Katika meli ya watu elfu tatu unaweza kupotea kama mtu aliyeingia Marikiti siku ya Jumamosi.

Wajibu mmoja hauukwepi, nao ni zoezi la dharura. Baada ya ajali ya meli ya utalii Costa Concordia ya Januari 2012, iliyoua watu 32, kanuni za kimataifa zilibadilishwa ili zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Zamani tuliwapanga abiria kwa mamia, wamebanana na majaketi ya kujiokolea. Siku hizi kampuni nyingi hukuruhusu utazame maelezo kabini kisha ujipeleke mwenyewe kwenye kituo chako uandikishwe, jambo ambalo kwa mtu kama wewe ni afadhali kubwa.

Na ukishuka bandarini, saa yako ya mkononi ifuate saa ya meli, si ya mji. Wanandoa hukumbushana, lakini wewe huna wa kukwambia umechelewa. Kadi yako husomwa unapotoka na unaporudi, kwa hiyo tutajua hujarudi, ila meli haingoji.

MzeeWaTukuyu alijibu:

Mimi niko upande wa wale ambao safari iliwashinda, na nadhani ushuhuda wangu una faida yake.

Nilifiwa na mke wangu, na mwaka uliofuata watoto wangu waishio Ujerumani wakanilipia safari ya usiku saba katika Bahari ya Kati. Niliwaambia napenda kukaa kimya, nao wakanichagulia, kwa nia njema kabisa, safari yenye kile kinachoitwa mpango wa wasafiri pekee. Ndugu msomaji, neno hilo lina mtego. Anayeuza safari akisikia unasafiri peke yako anaelewa kwamba unatafuta wa kukaa naye. Jioni ya kwanza nilikuta kadi kabini ikinialika kwenye kikao cha kufahamiana, meza yangu ya chakula cha jioni ilikuwa ya watu wanane, wote wa mpango huo huo, na mratibu mchangamfu alikuja kila jioni kuuliza kama tumepata marafiki. Niliomba kuhamishwa, nikajibiwa kwamba meza za mtu mmoja zimekwisha, ingawa kwa macho yangu niliona mbili tupu karibu na nguzo. Sitaitaja kampuni. Nilikula ndizi na mikate kabini siku tatu mfululizo, mzee mzima, kama mwanafunzi wa bweni aliyekosa zamu.

Hata zile kabini zinazotangazwa kuwa za watu kama sisi zinahitaji kuchunguzwa. Meli ya Norwegian Epic, iliyoanza kazi mwaka 2010, ilisifiwa sana kwa kuwa na kabini 128 za mtu mmoja, na ni kweli ilifungua njia, lakini dirisha la kabini zile linatazama ujia wa ndani, si bahari, na zimezunguka sebule ya pamoja iliyowekwa makusudi ili wakaazi wake wafahamiane. Kwa anayetaka wenzake, ni jambo zuri. Wewe hujataka hilo.

La pili ni gumu kidogo kulisema. Usiku wa tatu, bahari ikiwa shwari kabisa, nilikaa kwenye kibaraza cha kabini, na yale niliyoyakimbia nyumbani yakaja yote kwa pamoja, maana hapakuwa na kazi wala mgeni wa kuyazuia. Nyumbani ningetoka nikazungumza na jirani. Pale nilikuwa na maji tu. Hii haina maana kwamba usiende, na wewe umesema huna ukiwa, nami nakuamini. Lakini muuguzi aliyehudumia watu miaka 17 bila kupumzika huenda naye ana vitu vinavyosubiri anyamaze. Weka namba ya mtu mmoja, mmoja tu, utakayempigia bila kujieleza. Mtandao wa melini hulipiwa na wakati mwingine unasuasua, basi mwambie mtu huyo mapema.

JiraniWaFjord alijibu:

Shikamoo Mzee wa Tukuyu, na pole sana. Dada BintiPangani, mimi ni Mkenya ninayeishi Bergen, Norwei, na nina pendekezo ambalo halifanani na hayo mengine, kwa kuwa si meli ya starehe hasa.

Kutoka hapa Bergen hutoka meli za njia ya pwani, Hurtigruten, ambazo tangu mwaka 1893 zimekuwa zikibeba mizigo na watu, na zamani barua pia, kwenda kaskazini. Aliyeanzisha alikuwa nahodha Richard With. Tangu mwishoni mwa 2021 kampuni ya pili, Havila, nayo inaendesha baadhi ya safari katika njia hiyo hiyo. Meli hupitia bandari 34 hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, kisha hugeuza, na safari nzima ya kwenda na kurudi ni siku 12. Bandari ulizopita umelala wakati wa kwenda, unazipita mchana wakati wa kurudi.

Najua ndugu hapo juu amesema bandari nyingi ni adui wa utulivu, naye yuko sahihi kwa meli za utalii. Hapa ni tofauti, kwa sababu bandari nyingi meli husimama dakika kumi na tano au nusu saa tu, na husimama kwa ajili ya shughuli zake, si kwa ajili yako. Hakuna kasino, hakuna mashindano ya kucheza ngoma, hakuna usiku wa kuvaa rasmi. Abiria wa siku 12 wamechanganyika na wenyeji wanaopanda bandari hii na kushuka ile, hivyo nyuso hubadilika na hakuna kundi linaloshikamana. Usiku mmoja nilishindwa kulala, nikatoka kwenye sitaha saa 8 tukiwa tumefunga gati katika mji ambao jina lake sikulisoma. Mlango wa ubavuni ulifunguliwa, foklifti ikaingiza masanduku ya samaki, na mama mmoja akashuka na begi lake. Gari lilikuwa likimngoja taa zikiwaka. Mwanamume akatoka, akachukua begi, wakaondoka bila kusema neno. Dakika chache baadaye tukaachia kamba. Mimi nilijiona niko nyumbani kwa watu bila kumsumbua mtu yeyote.

Kuhusu bahari, sehemu kubwa ya njia iko nyuma ya visiwa, kwa hiyo maji hutulia, isipokuwa vipande vya wazi kama Hustadvika na Vestfjorden, ambako tumbo jepesi litajuta. Kuhusu wakati, usije Juni. Huko juu, kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai, jua halizami Nordkapp, ile rasi ya kaskazini ya mbali, na sijui utaiswali vipi Magharibi isiyofika bila kumuuliza shekhe kwanza. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba mchana na usiku hukaribiana, swala zote tano zina nyakati zake kama kwetu, na usiku umekwisha kuwa na giza la kutosha kuona taa za kaskazini, zile nuru za rangi zinazocheza angani, anga likiwa wazi. Zikionekana, wafanyakazi hutangaza kwa spika, hata kama ni usiku wa manane.

Viza yake ni ya Schengen, yaani ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa sababu Norwei imo humo ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya, na kwa kuwa njia nzima iko ndani ya Norwei, kuingia mara moja kunatosha. Utaiombea huko huko Uingereza unakoishi.

BintiPangani alijibu:

Ahsanteni nyote. Mzee wangu wa Tukuyu, shikamoo, na nashukuru kwa kusema lile gumu, nimelisoma mara tatu. Namba nimekwisha kuichagua, ni ya binamu yangu aliyeko Tanga, ambaye ana sifa adimu ya kupokea simu na kunyamaza.

Atlantiki imenivutia, hasa zile siku za saa 25, lakini viza ya Marekani inahitaji mahojiano London, nami sina likizo ya kutosha kuisubiri. Nimeelekea Bergen. Nina swali moja kwa Baharia na Jirani: nyongeza ya mtu mmoja huko ikoje, na je, kabini ya dirisha la chini, karibu na maji, ina ubaya gani?

BahariaWaKisauni alijibu:

Nyongeza haina kanuni moja, Dada. Katika safari nyingi abiria pekee hulipa kati ya asilimia 150 na 200 ya bei ya mtu mmoja, na hushuka katika tarehe ambazo meli haijajaa, kwa hiyo uliza kwa tarehe tatu au nne tofauti badala ya moja. Ukishindwa na Norwei, uliza pia safari za kuhamisha meli, pale masika na vuli meli zinapotoka Karibi kwenda Bahari ya Kati au kurudi. Huwa na siku nyingi za bahari tupu na watoto wachache, na mara nyingi bei yake ni ya chini.

Dirisha la chini halina ubaya, isipokuwa bahari ikichafuka hulipiga kwa kishindo, na baadhi ya meli hulifunga kwa bamba la chuma hadi itulie. Pia katika meli ya mizigo utasikia ule mlango wa ubavuni.

JiraniWaFjord alijibu:

Naunga mkono, hasa hilo la kuuliza tarehe kadhaa. Na mlango utausikia kweli. Mimi usiku wa nne nilikuwa naungoja.

BintiPangani alijibu:

Nimeuliza tarehe nne, na ya wiki ya kwanza ya Oktoba imetoka na nyongeza ndogo kuliko zote. Nimechukua kabini ya dirisha, sitaha ya chini, mbali na lifti. Jana nilimpigia mama mdogo nikamwambia nakwenda kutazama samaki wanavyopakiwa usiku huko kaskazini, naye akasema kama ni samaki basi sawa, nimletee picha.